Uzito wa Ardhi Chini ya Kigoma

Gravimita ni kisanduku cha kubebeka kwa mkono mmoja, ila mpimaji anayeijua kazi yake hukipakata njia nzima kutoka Kigoma mjini hadi Ujiji, na kwenye kila tuta humwomba dereva apunguze mwendo. Ndani mna ufito mwepesi ulioshikwa na springi ya aina aliyoibuni Mmarekani Lucien LaCoste miaka ya 1930. Betri hulinda joto la ndani lisipande wala kushuka, karibu nyuzi 50 usiku na mchana, maana springi ikipoa tu namba zote huharibika.

Springi hiyo huhisi jinsi dunia inavyovuta. Mwamba mzito chini ya miguu huvuta zaidi, mashapo mepesi huvuta kidogo. Tofauti hupimwa kwa miligali, na miligali moja ni takriban sehemu moja ya milioni ya mvutano wote. Kifaa kizuri husoma hadi sehemu ya mia ya hapo. Ukikiinua kutoka sakafuni hadi mezani, kinajua.

Ujiji kivuli cha mwembe kinavutia, lakini mpimaji hakifuati: upepo ukiyumbisha matawi, mizizi hutikisa udongo. Hukaa mbali na maji pia, kwa kuwa mawimbi ya ziwa hutetemesha mchanga. Hutafuta zege au jiwe lililotulia, akaweka sahani ya miguu mitatu, kisha akakishusha kisanduku kama anayetua ndoo iliyojaa pomoni. Zinafuata pima maji mbili na skrubu tatu. Hulisawazisha povu la kwanza, kisha la pili, halafu hurudi kwenye la kwanza, maana ukirekebisha moja unalisogeza jingine.

Hapo ndipo anapoufungua ufito na kuinama kwenye kioo cha kuchungulia. Mstari mwembamba unaogelea ndani ya mwanga. Anazungusha gurudumu la namba mpaka mstari utue kwenye alama yake, na daima anaufikia kutoka upande uleule, kwa sababu meno ya skrubu yana nafasi ndogo kati yake. Akiupitisha hata kwa unywele, harudi kidogo. Hurudi mbali kabisa na kuanza kuukaribia upya. Wanagenzi wengi hapa ndipo huharakisha. Bodaboda ikipita mstari hutetemeka, naye husubiri.

"Shikamoo mzee. Mnatafuta mafuta?"

"Marahaba. Tunapima tu, kijana wangu," hujibu bila kuondoa jicho.

Husoma mara tatu. Namba zikikubaliana, huziandika kwa penseli pamoja na saa na dakika. Ufito hufungwa kwanza, ndipo kisanduku kiinuliwe.

Saa huandikwa kwa sababu springi hujinyoosha polepole siku nzima, na jua na mwezi nao huivuta ardhi kama wavutavyo bahari. Ndiyo maana kila baada ya saa chache mpimaji hurudi kituo cha msingi, tuseme jirani na stesheni ya reli, kupima upya alichokwisha kupima. Kwa mtazamaji ni safari ya bure. Kwake ndiyo inayomwambia namba zote za katikati zimepotoka kiasi gani.

Jioni huja kazi ya kutoa, na kwa maoni yangu ufundi wenyewe uko hapa. Ukipanda vilima vya Kigoma mita 100, mvutano hupungua miligali 31 kwa kuwa umejitenga na kiini cha dunia, lakini mwamba wa kilima hurudisha kama 11. Latitudo ina hesabu yake, mabonde yana yake. Ziwa halisahauliki: kilomita moja ya maji mahali pa mwamba hupunguza karibu miligali 70, na Tanganyika lina kina cha hadi mita 1,470. Kinachobaki baada ya kutoa yote hayo ndiyo habari ya ganda la dunia.

Kazi hii si mpya. Wajerumani Kohlschütter na Glauning walipima mvutano katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1899 na 1900 kwa kuhesabu mibembeo ya timazi. Mwingereza Edward Bullard alikuja na timazi zake mwaka 1933 na 1934, akakuta mvutano umepungua juu ya Bonde la Ufa, akahitimisha kuwa sakafu ya bonde imebanwa na kingo zake. Leo wanajiolojia wanakubaliana kuwa ganda linavutwa na kutanuka. Hoja yake iliachwa. Vipimo vyake viliendelea kutumika.

Namba moja ya mvutano inaweza kutokana na tabaka jembamba lililo karibu au nene lililo mbali, kwa hiyo mawimbi ya sauti yalihitajika. Mradi wa PROBE wa Chuo Kikuu cha Duke ulipita ziwani na mawimbi hayo mwaka 1983 na 1984, ukaonyesha mashapo ya unene wa kilomita kadhaa, katika mabeseni yanayoegemea mara ufuko huu, mara ule.

Basi ukikuta kigingi cha zege chenye namba kando ya reli au uwanjani pa shule, usiking'oe. Mpimaji ajaye atahitaji kukisimamia palepale.