Duka la Vitabu la Mtaa wa Samora

Mtu atokaye Dodoma, akiingia duka la vitabu la TPH katika Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, hana budi kutulia kwanza. Kwetu duka la vitabu ni madaftari, rula na vitabu vya kiada. Mzazi huja na orodha ya shule, akalipa, akaondoka. Hapa, ndugu msomaji, mtu mzima husimama mbele ya rafu bila orodha ya mtu yeyote, akafungua kitabu katikati na kusoma ukurasa mzima kabla ya kuuliza bei.

Wengi husifu majengo ya kihistoria kwa kuta na madirisha yake. Sifa ya mahali hapa mimi naiona kwingine. Tanzania Publishing House iliundwa mwaka 1966, na mwaka 1972, Walter Bgoya alipoanza kuiongoza, ilishirikiana na Bogle-L'Ouverture ya London kutoa kitabu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Bgoya aliondoka mwaka 1990, akaanzisha Mkuki na Nyota, ambayo ndiyo iliyokuja kuliendesha duka. Basi duka hili lina nasaba: anayeuza ni ndugu wa anayechapa. Ndiyo maana rafu zake zina msimamo. (Siasa ni nyingi mno kwa ladha yangu, lakini afadhali siasa kuliko rula.)

Nikiwa pale nilimkumbuka Mathias Mnyampala, mwasisi wa ngonjera, aliyezaliwa Ihumwa, karibu na Dodoma mjini, mwaka 1917. Kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo kilitolewa mwaka 1954 na East African Literature Bureau ya Nairobi; tafsiri ya Kiingereza ikatoka Marekani mwaka 1995. Dodoma ilitangazwa makao makuu mwaka 1973, serikali ikaanza kuhamia kwa dhati mwaka 2016, na leo Mji wa Serikali uko Mtumba, jirani kabisa na Ihumwa. Magari ya mawaziri hupita kwao Mnyampala kila siku. Lakini karani aliyehamishiwa huku, akitaka kuwasoma watu ambao ofisi yake imejengwa katika ardhi yao, aende wapi? Katika maduka yetu niyajuayo, akitaja kitabu hicho, ataulizwa ni cha darasa la ngapi.