Kompyuta Mpakato Isiyopakatika

Kila mwaka vyuo vinapofunguliwa, na hasa bumu linapoingia, ushauri ni uleule: "Usinunue kimashine kidogo. Ongeza hela, chukua yenye nguvu, itakufikisha mpaka unamaliza." Anautoa kaka wa mwaka wa tatu, anautoa winga wa Kariakoo, anautoa hata mjomba ambaye hajawahi kumiliki kompyuta. Unasikika kama busara. Mimi nasema kwamba kwa wanafunzi wengi ni ushauri mbaya, na ubaya wake unaweza kuonyeshwa kwa fizikia ya sekondari na hesabu za kawaida tu.

Tuanze na jina lenyewe. Mpakato limetokana na kupakata, yaani kumweka mtoto mapajani na kumshikilia. Jina hilo tayari ni kipimo. Linataka kifaa unachoweza kukipakata kwenye benchi la korido ukisubiri lekcha, au kitandani hosteli umeme ukiwa umekata. Sasa chukua zile kompyuta za gemu ambazo ndizo huitwa "zenye nguvu". Nyingi zina uzito wa kilo 2.3 hadi 2.5, na chaja yake peke yake inaweza kufika robo tatu ya kilo. Nyepesi ya kazi za kila siku ni kilo 1.3 hivi, chaja gramu 300. Tofauti ya jumla inakaribia chupa ya maji ya lita moja na nusu, mgongoni, kila siku, ndani ya daladala iliyojaa. Matokeo tunayaona: mashine inaachwa hosteli, na mwenyewe anaandika noti kwenye simu.

Prosesa inasubiri nini?

Anayetetea nguvu atasema uzito ni gharama ndogo ukilinganisha na kasi. Basi tuangalie hiyo kasi inatumika wapi.

Ukiandika tasnifu, prosesa ya kompyuta hutumia karibu muda wote ikikusubiri wewe. Ina mapigo bilioni kadhaa kwa sekunde. Wewe ukiwa mwepesi sana wa vidole unabonyeza herufi tano au sita kwa sekunde. Ukisoma PDF, inakusubiri umalize ukurasa. Ukifungua tovuti, mara nyingi inasubiri mtandao. Mwaka 1967 mwanasayansi wa kompyuta Gene Amdahl alieleza jambo ambalo leo linafundishwa kama kanuni yake: ukiharakisha sehemu moja tu ya kazi, faida ya jumla haiwezi kuzidi ukubwa wa sehemu hiyo. Tuseme katika saa nzima ya kuandika, muda wote uliosubiri mashine ukijumlishwa ni dakika tatu. Nunua prosesa yenye kasi mara mbili: umeokoa dakika moja na nusu. Nunua yenye kasi mara kumi: hujafikisha hata dakika tatu. Zile dakika 57 zilizobaki ni zako, na hazipo kwenye karatasi ya bei.

Watu wakilalamika kwamba "laptop inastaki", mara nyingi tatizo ni RAM iliyojaa au diski ya kizamani inayozunguka. Diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 11 hivi, kwa hiyo kwa wastani husubiri milisekunde 5.5 kabla data haijafika chini ya kisomeo, tena hapo hatujahesabu muda wa mkono wake kusogea. SSD haina kinachozunguka. Inajibu kwa sehemu ya kumi ya milisekunde au chini zaidi. Mashine ya zamani iliyobadilishiwa diski ikawekwa SSD hufufuka kabisa, ilhali prosesa ni ileile.

Bei ya kasi hulipwa kwa joto

Umeme unaoliwa na prosesa ikifanya kazi unategemea mambo matatu: ujazo wa chaji kwenye transista zake, volteji ikijizidisha yenyewe, na idadi ya mapigo kwa sekunde. Shida ni kwamba huwezi kupandisha mapigo sana bila kupandisha volteji pia. Chukua mfano wa kupandisha vyote viwili kwa asilimia 20. Umeme utakuwa 1.2 mara 1.2 mara 1.2, yaani 1.73. Kasi imeongezeka kwa asilimia 20. Umeme, na joto linaloutoka, vimeongezeka kwa asilimia 73. Ndiyo maana mashine zenye nguvu ni nzito: kilo ile ya ziada kwa sehemu kubwa ni shaba ya kusafirisha joto, feni za kulitoa nje, na betri ya kulisha yote hayo.

Hesabu ya betri nayo ni ya kugawanya tu. Betri ya wati-saa 50 kwenye mashine inayotumia wati 6 ukiandika inakupa zaidi ya saa nane. Betri hiyohiyo kwenye mashine inayotumia wati 25, kwa sababu kadi yake ya grafiki iko macho hata ukisoma PDF, inakupa saa mbili. Na kuna jambo ambalo muuzaji hakwambii: kompyuta nyingi za gemu ukizichomoa kwenye soketi hupunguza kasi zenyewe, maana betri haiwezi kutoa umeme wote unaotakiwa. Kwa hiyo nguvu uliyolipia iko pale ukutani. Kwa mtu anayeishi kwenye mgao wa umeme, huo si ununuzi mzuri hata kidogo.

Hata ngozi inahusika. Madaktari wameripoti visa vya watu kupata madoa ya wavuwavu mapajani kwa kuweka kompyuta yenye joto hapo kwa saa nyingi kwa siku nyingi. Huitwa erythema ab igne, jina lilelile la madoa yanayowapata watu wanaokaa karibu sana na moto. Yaani mtoto uliyempakata anakuunguza polepole.

Wepesi nao ulikuwa na aibu yake

Tusiwaonee wapenda nguvu, maana hofu yao ina historia. Oktoba 2007 kampuni ya Asus ilitoa Eee PC, kimashine cha chini ya kilo moja chenye kioo cha inchi 7 na hifadhi ya GB 4. Kilikuwa rahisi na kilipendwa, lakini kuandika ripoti ndefu juu yake ilikuwa adhabu. Januari 2008 Steve Jobs akatoa MacBook Air ya kwanza kutoka ndani ya bahasha ya ofisini. Kilo 1.36, nyembamba ajabu, na ukumbi ukashangilia. Lakini ilikuwa na tundu moja tu la USB, diski ya taratibu, bei ya dola 1,799, na RAM iliyochomelewa kwenye ubao wake. Aliyesema wakati ule kwamba wepesi ni mapambo ya matajiri hakuwa amekosea.

Kilichobadilika ni kwamba transista zimekuwa ndogo na zinakula umeme kidogo kwa kazi ileile. Novemba 2020 Apple walitufanyia jaribio zuri la maabara bila kukusudia: walitoa MacBook Air na MacBook Pro ya inchi 13 zikiwa na familia moja ya chipu, M1. Air haikuwa na feni kabisa. Pro ilikuwa nayo. Kwenye kazi fupi fupi, yaani kufungua faili, kupanga jedwali, kuhariri picha, zilikuwa karibu sawa. Tofauti ilijitokeza pale kazi nzito ilipoendelea bila kupumzika: Air ikajaa joto na kupunguza mwendo, Pro ikaendelea. Kwa hiyo swali la kujiuliza dukani si "ina nguvu kiasi gani?" bali "ni mara ngapi kwa wiki naifanyisha kazi nzito kwa nusu saa mfululizo?" Kwa wengi wetu jibu ni sifuri.

Kibandiko cha i7

Ukosoaji mwingine ni wa lugha ya soko letu. Pale Kariakoo neno "i7" linauzwa kama daraja la kwanza kwenye treni. Lakini i7 ipi? Prosesa ya i7-7500U ya mwaka 2016 ina kiini mbili. Mwaka uliofuata ikaja i5-8250U, yenye viini vinne, kwa bajeti ileile ya wati 15. Ya "chini" ina vichwa mara mbili ya ile ya "juu". Na si hilo tu: Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, ukiacha chache sana. Ile i7 ya kizazi cha saba imeachwa nje ya mlango. Ile i5 imeingia. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayotaja kizazi kwenye prosesa hizi, na hiyo ndiyo ya kusoma kabla ya kusikiliza sauti ya winga.

Lawama kwa zile nyepesi

Hapa nawageukia wale wa upande wangu. Kompyuta nyingi nyembamba za leo zimechukua tabia mbaya ya ile Air ya 2008: RAM imechomelewa, wakati mwingine na hifadhi pia. Ukinunua ya GB 8, utakufa nayo na GB 8. Hifadhi iliyochomelewa ikifa, fundi wa mtaani hawezi kukubadilishia kipande kimoja. Unaambiwa ubadilishe mazabodi nzima, ambayo bei yake inakaribia kompyuta nyingine. Kwa nchi ambayo vifaa vinaishi maisha mawili matatu mikononi mwa mafundi, muundo huo ni dharau. Wembamba wa milimita mbili haupakatiki zaidi. Uzito ndio unaopakatika.

Ndiyo maana pendekezo langu si mashine nyembamba kuliko zote, bali nyepesi inayofunguka. Mfano ninaoujua vizuri ni Dell Latitude 7490 ya mwaka 2018, ambayo hupatikana kama mtumba wa maofisini. Uzito unaanzia kilo 1.4. Ina nafasi mbili za RAM, SSD inayotoka, na unaweza kuikuta na i5 ya kizazi cha nane. HP EliteBook 840 G5 ya wakati uleule ni ndugu yake, nayo ina nafasi mbili za RAM. Hazina mvuto, ni nyeusi au kijivu, hakuna taa za rangi kwenye kibodi. Zinafanya kazi.

Nani basi anahitaji nguvu? Anayechora majengo kwa 3D, anayehariri video kila wiki, anayecheza gemu kubwa (na kucheza si dhambi), na mtafiti mwenye data nzito ambaye mtandao wake hauaminiki. Hao nawaambia wanunue bila aibu. Lakini hata wao wajiulize kama nguvu hiyo lazima ibebwe mgongoni, kwa sababu kompyuta ya mezani hupoza joto kwa urahisi zaidi na kwa kawaida hutoa nguvu ileile kwa bei ndogo. Na kwa anayefunza modeli mara mbili kwa muhula, wahenga walishasema mzigo mzito mpe Mnyamwezi: kuna seva za idara, kuna Google Colab inayokuazima kadi ya grafiki kupitia kivinjari. Bando litaliwa, ndiyo, lakini litaliwa siku mbili, si miaka mitatu.

Maana mwisho wa yote hela tunayoizungumzia si ya nadharia. Kile unachoongeza ili kupata mashine yenye nguvu usiyoitumia kinatoka kwenye bumu lilelile la chakula, nauli na kutoa kopi.

Ukienda dukani, basi, ibebe kwanza kwa mkono mmoja pamoja na chaja yake. Soma kizazi cha prosesa. Uliza kama RAM inatoka, na omba kifuniko kifunguliwe ujionee. Kisha, kama ni mtumba wa Windows, fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, ubonyeze Enter. Itatengeneza ripoti yenye namba mbili za kulinganisha: betri ilizaliwa na uwezo kiasi gani, na leo ikijaa inashika kiasi gani. Ikiwa ya pili imeshuka chini ya nusu ya ile ya kwanza, punguziwa bei au ondoka. Na winga akikukatalia kufanya hivyo, umeshapata jibu lako.