Madaka ya Al-Inkishafi: Tusipite Haraka

Sisi wanafunzi wa fasihi tukifika kwenye magofu ya Pate katika Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, jibu letu liko tayari: ndege wamelala palipokaa sahani, basi utajiri umekwisha. Dhamira imepatikana, kitabu kinafungwa! Mimi naona tunakifunga mapema mno. Tumeliruka neno madaka, ambalo wengi wetu hulifasiri "rafu" na kuendelea na safari.

Daka si rafu. Ni shubaka lililojengwa ndani ya unene wa ukuta wa matumbawe na chokaa. Katika nyumba kongwe za mawe za Lamu na Pate, mashubaka hayo, au zidaka kwa kauli ya wenyeji, hupangwa safu juu ya safu na kutiwa nakshi. Humo ziliwekwa sahani za kaure, nyingine zimetoka Uchina.

Na asili yake? Kiarabu kina dakka, yaani benchi au jukwaa la kukalia. Huko Lamu, daka ni pia kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe, anapopokelewa mgeni. Hapo udugu wa maneno hayo mawili unaonekana. Lakini wapo wanaoishia hapo: neno ni la Kiarabu, eti kazi imekwisha. Haijaisha. Benchi halitufunulii maana ya shubaka la sahani. Tuiulize nyumba yenyewe.

Nyumba inajibu hivi. Kutoka daka la mlangoni unapita kiwanda, kisha misana, mpaka ufike chumba kiitwacho ndani, mahali pa faragha ya wanawake. Safu kubwa za zidaka ziko huko. Mgeni aliishia kwenye daka la mlangoni, hakufika huko.

Sasa turudi kwenye shairi. Ndege wameingia bila hodi, wakapita daka la mlangoni, wakazalia kwenye madaka ya ndani kabisa. Kilichobomoka Pate si mali peke yake, ni sitara pia. Mshairi hakuhitaji kuhubiri hilo. Neno moja la ujenzi limembebea.

Kwa hiyo, jamani, tuache kugawa fani huku na maudhui kule. Anayesoma "rafu" anaomboleza sahani tu. Anayejua daka lilipo anaomboleza nyumba nzima na heshima yake.