Ufundi wa Kuchuja Kelele

Uchakataji wa ishara, yaani tawi la hisabati tumizi linalochunguza jinsi sauti, picha na vipimo vinavyogeuzwa kuwa tarakimu, vikasafishwa na kufasiriwa, ni ufundi ambao sifa yake kubwa imo katika kujua cha kutupa. Simu inayopokelewa sokoni Tandika, wilayani Temeke, katikati ya honi za bodaboda na makondakta wa daladala wanaonadi safari za Mbagala, inautegemea ufundi huo: katika simu za kawaida sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, kwa mujibu wa kanuni aliyoithibitisha Claude Shannon mwaka 1949, kwamba wimbi hurejeshwa kamili likipimwa kwa kasi inayozidi maradufu ya masafa yake ya juu kabisa, masafa yakiwa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde.

Msingi wenyewe ni wa zamani zaidi. Joseph Fourier wa Ufaransa, akichunguza usambaaji wa joto, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1822 jinsi umbo tata linavyochambuliwa kuwa jumla ya mawimbi sahili. Lakini hesabu hizo zilibaki mzigo mzito hadi James Cooley na John Tukey walipochapisha, mwaka 1965, njia ya mkato ambayo kwa vipimo 1,024 hushusha hesabu kutoka zaidi ya milioni 1 hadi takribani 10,000. Wanaodhani kasi ya kompyuta ni suala la mashine tu wangefaa kuzitafakari tarakimu hizo.

Katika ufundi huu Afrika Mashariki inaye Ciira wa Maina wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, Kenya, mhandisi aliyepata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, kisha akarudi kufundisha nyumbani. Yeye na wenzake walirekodi milio ya ndege katika hifadhi ya chuo hicho, wakitafuta njia za kupima afya ya mazingira kwa kusikiliza. Hapo uchakataji wa ishara hukutana na sayansi ya data, ambayo husaka ruwaza, yaani mpangilio unaojirudia, ndani ya lundo la vipimo; na hapo hubainika kwamba kelele ni uamuzi wa msikilizaji, kwa kuwa mlio ambao simu ingeufuta ndio hazina ya mtafiti wa ndege.

Warsha za sayansi ya data za Data Science Africa, ambazo wa Maina alishiriki kuzianzisha, zilifika Arusha mwaka 2017. Dar es Salaam nayo, ambako mradi wa Ramani Huria uliwashirikisha wanafunzi na wakazi wa kata kama Tandale, wilayani Kinondoni, kuchora ramani za mafuriko, haina uhaba wa vipimo vinavyosubiri hesabu. Walimu wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, na wawapeleke wanafunzi wao bonde la mto Msimbazi jijini humo, wajifunzie Fourier kwa vina vya maji ya mto huo.