Ndugu wa Boma Moja

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii imewafariji wazazi wengi, na wengine imewahukumu. Lakini katika nchi ya wafugaji mkoani Mara, kutoka Tarime hadi Ringwani wilayani Serengeti, ndugu wawili huweza kuchunga pamoja na kunywa maziwa ya zizi moja, kisha mmoja akawa mwalimu na wa pili akawa mwizi wa mifugo. Je, elimu ya jinai yasemaje?

Jibu la karibu limo katika makala ya Michael Fleisher na mwenzake Holloway, "The Problem with Boys", yaliyotolewa mwaka 2004 katika jarida la Current Anthropology. Walipowachunguza Wakurya, waliona kwamba mwanamume mwenye ndugu wengi wa kiume kuliko wa kike huelekea zaidi kushiriki wizi wa ng'ombe. Sababu ni mahari. Ng'ombe walioletwa kwa ajili ya binti huwa mali ya nyumba ya mama yake, nao ndio wamwozeshao kaka yake. Basi katika boma la wake wawili, mwana wa nyumba yenye mabinti huweza kuoa mapema. Nduguye wa nyumba ya wavulana watupu hungoja. Baba ni mmoja, lakini fungu si moja. Hapa nadharia ya Robert Merton ya mwaka 1938, isemayo kwamba uhalifu huzaliwa pale lengo linaposifiwa na njia yake ikazibwa, yapata ushahidi ambao maneno ya "damu mbaya" hayana.

Hata hivyo hoja hii ina upungufu. Yapima nyumba kwa nyumba; haiwapambanui ndugu wa tumbo moja, ambao hesabu ya dada zao ni ile ile. Pengine mkubwa ameoa kwanza, na mdogo amekuta zizi tupu. Tena Edwin Sutherland alifundisha kwamba mtu hujifunza uhalifu kwa wandani wake, na Travis Hirschi, mwaka 1969, kwamba azuiliwaye ni yule mwenye kitu cha kupoteza: watu awapendao, shule, kazi. Hayo ndugu hawagawiwi sawasawa.

Kosa la methali, basi, ni kudhani kwamba malezi ya boma moja ni kitu kimoja kwa wote. Na nadharia nazo zikumbuke mpaka wake: hesabu huonyesha mwelekeo, haitoi hukumu. Nyayo za ng'ombe walioibwa zikifika bomani, atafutwe aliyewaswaga, asishikwe nduguye.