Utamu Usio wa Sukari: Uhakiki wa Bia ya Kaharabu

Lugha yetu ina neno moja, utamu, nalo limetwikwa mzigo wa maneno mawili. Asali ni tamu; mchuzi wa samaki uliokolea chumvi na ndimu ni mtamu pia; hadithi nayo huwa tamu, na usingizi kadhalika. Msemaji wa kila siku hatatizwi na jambo hili. Mhakiki ndiye atatizwaye, hasa awapo na bilauri ya bia ya kaharabu mkononi, maana kinywaji hiki hakiwezi kusifiwa wala kulaumiwa kwa haki pasipo kuzipambanua maana hizo mbili.

Bia ninayoihakiki imepikwa na kiwanda kidogo cha Marekani chenye mafundi wachache, na lebo yake yatangaza kuwa imefuata mtindo wa Kijerumani. Wasomaji ambao dini yao imewakataza kinywaji hiki hawaalikwi kunywa. Wanaalikwa kuipima hukumu, na hukumu ya ulimi haiko mbali sana na hukumu ya tafsiri: pande zote mbili twauliza ni kitu gani kilichovushwa salama, na ni kipi kilichozama njiani.

Asili yenyewe si ya ukoo mmoja. Mwaka 1841 Anton Dreher, mwenye kiwanda cha Schwechat karibu na Vienna, alitoa bia laini ya rangi ya shaba. Mwaka uo huo rafiki yake, Gabriel Sedlmayr wa kiwanda cha Spaten mjini Munich, alitoa ya kwake, akaipa jina la kale la Märzen, yaani bia ya Machi. Kwani tangu karne ya 16 sheria ya Bavaria ilikuwa imekataza upishi wa bia wakati wa joto, na ile ya mwisho iliyopikwa kabla ya katazo iliwekwa penye baridi ili idumu miezi mingi. Vijana hao wawili walikuwa wamezuru viwanda vya Uingereza mwaka 1833, wakajifunza namna mpya za kukausha kimea. Husimuliwa kwamba walichota bia za wenyeji wao kwa siri ndani ya fimbo iliyotobolewa. Wizi wa namna hiyo katika fasihi twauita athari.

Kiini cha jambo ni kimea. Shayiri huloweshwa, ikaota, kisha ikakaushwa. Kimea cha Vienna na cha Munich hukaushwa kwa joto lililozidi kidogo lile la kimea cheupe, na joto hilo huzaa rangi ya kaharabu pamoja na ladha ya ganda la mkate utokao tanurini. Utamu huo ni wa nafaka: hamira huila sukari karibu yote, na kinywa hubaki kikavu. Kiko kimea kingine, cha karameli. Hiki hupashwa moto kingali kibichi hata wanga wake ukageuka sukari ndani ya punje, na sehemu ya sukari hiyo hamira haiwezi kuila. Hubaki ndani ya bia, na baadaye juu ya ulimi.

Bilauri yangu ilimiminwa ikiwa na baridi ya nyuzi 9 hivi. Rangi yake ni kaharabu safi, bila wingu. Povu lake ni zito na lenye subira. Harufu ya kwanza ni ya mkate, nami nikatumaini mema. Funda la kwanza likautimiza nusu ya ahadi. Kisha ikaja sukari iliyounguzwa, ile iliyo chini ya sufuria ya halua, ikakaa, ikakataa kuondoka. Uchungu wa maua ya hopsi ulifika kama mgeni aliyechelewa karamu, sahani zimekwisha kuoshwa. Lebo yakiri kwamba kimea cha karameli kimo. Ulimi haukuhitaji ungamo hilo.

Mtetezi atasema: mfasiri ana uhuru wake, na wenye asili nao wamebadilika, kwani siku hizi bia inayonyweshwa katika sherehe ya Oktoberfest mjini Munich ni ya rangi ya dhahabu, wala si kaharabu. Hoja hiyo ni nzito, tena nafurahi kwamba Wamarekani wameitunza rangi iliyoachwa na wenyewe. Walakini simlaumu mpishi huyu kwa kuiacha Munich. Namlaumu kwa kulisahau kusudi la kinywaji. Bia ya aina hii ilikusudiwa kunywewa kwa kikombe cha lita moja, pamoja na nyama na mkate, na kila funda halina budi kuliita lifuatalo. Utamu wa nafaka huita. Utamu wa sukari hushibisha. Mfasiri aliyeogopa kwamba msomaji hatauona uzuri uliofichika ameuandika kwa wino mwekundu pambizoni.

Haki yake nyingine asinyimwe. Uchachushaji umefanywa kwa baridi na kwa uvumilivu: hamna harufu ya siagi wala ya tofaa bichi, aibu mbili za wapishi wenye haraka. Kazi hii ni ngumu kuliko kuongeza hopsi, ambazo huficha makosa mengi. Akipunguza karameli yake kwa nusu, na kuiongezea bia hiyo wiki chache za ghala, nitainunua tena. Kwa sasa bilauri moja yatosha, nayo ni lawama kubwa kwa bia ya kaharabu.