Mguu wa Kushoto wa Julius Yego

Hapa Kindu mazungumzo ya michezo huanza na klabu ya AS Maniema Union na huishia huko huko. Leo naomba tuweke mpira kando, tumtazame mrusha mkuki kutoka Nandi, Kenya.

Tarehe 26 Agosti 2015, katika fainali ya mashindano ya dunia jijini Beijing, Julius Yego alirusha mita 92.72 katika jaribio lake la tatu. Tangu 2001 hakuna aliyekuwa amefika huko. Mmisri Ihab Abdelrahman, aliyeshika nafasi ya pili, alipata 88.99. Je, Yego aliwezaje?

Ana urefu wa mita 1.75 hivi. Jan Železný na Andreas Thorkildsen, mabingwa aliowasoma kwenye video za YouTube, wanampita kwa zaidi ya sentimita kumi. Mwili mfupi huja na mkono mfupi, na mwenye mkono mfupi ana nafasi ndogo ya kuusukuma mkuki kabla haujamtoka, kwa hiyo upungufu huo lazima aufidie kwa kasi. Yego anakuja mbio, anavusha mguu mmoja mbele ya mwingine, kiuno kimegeuka upande na mkono umenyooka nyuma kabisa. Kisha anakita mguu wa kushoto, goti limekaza. Sehemu ya chini ya mwili inagoma ghafla, na kasi yote inapanda: nyonga, kifua, bega, kiwiko, kiganja. Mkono ndio wa mwisho kupata zamu. Goti likilegea kidogo tu, mbio zote zimekuwa kazi bure.

Tazameni pia anavyoanguka. Akishaachia mkuki, mara nyingi huenda chini kifudifudi, kwa sababu kasi aliyokuja nayo haizuiliki yote. Anguko hilo lina gharama: mstari hauguswi, na umbali hupimwa kuanzia hapo, kwa hiyo lazima aachie mkuki mapema na kupoteza mita kadhaa nyuma ya mstari. Kwangu mimi, hilo linaifanya 92.72 iwe kubwa zaidi.

Wengi humwita Bwana YouTube, na ni kweli kwamba video zilimfungulia njia. Lakini video haimwambii mtu kwamba goti lake mwenyewe limepinda. Kazi hiyo aliifanya kocha Petteri Piironen huko Kuortane, Ufini. Yego alimaliza wa 12 Olimpiki ya London 2012, akawa wa nne mashindano ya dunia ya Moscow 2013, akapata dhahabu ya Jumuiya ya Madola Glasgow 2014, kisha ikaja Beijing. Olimpiki ya Rio 2016 alipata fedha kwa mita 88.24, na humo humo kwenye fainali akaumia kifundo cha mguu.

Walimu wa michezo wa Kindu, mkipata kijana mwenye mkono mkali, msianze na mkono. Mpeni fimbo ya mwanzi, akimbie hatua chache na kukita mguu ulionyooka, tena na tena, nanyi mkiwa pembeni mkilitazama lile goti.